Karakana kwenye chumba cha zamani: kumbukumbu ya mradi ulionifundisha kuacha vitu vilivyo

Jumamosi, siku ya kwanza

Mpango ulikuwa mwepesi. Chumba cha nyuma cha nyumba yetu kilijengwa miaka ya 1960, na nataka kukigeuza karakana ya useremala. Kazi zenyewe ni nne: kubandua vigae vya sakafu, kutoboa dari nifunge taa nne, kung'oa bomba la zamani la maji moto ambalo halitumiki tena, na kubadilisha bamba moja la paa lenye ufa.

Fundi alianza na sakafu. Vigae viwili alivipiga tindo vikapasuka vipande vipande. Nikachukua ufagio nikafagia. Vumbi lilipanda hadi kwenye mwanga wa dirisha, likawa linaelea pale polepole, na mimi nikaendelea kufagia.

Usiku nilikaa kusoma namna ya kuondoa ile gundi nyeusi iliyobaki chini, na kila nilichofungua kilinirudisha kwenye neno moja: asbesto. Nikatoka na tochi na futi. Kigae kina inchi 9 kwa 9, gundi yake ni ya lami. Hiyo peke yake si ushahidi, lakini vigae vya kipimo hicho na umri huo vilitengenezwa vingi mno vikiwa na asbesto, na gundi yake vilevile.

Jumapili

Nimefunga chumba. Ufa wa chini ya mlango nimeuziba kwa kitambaa kilicholowa maji na watoto nimewakataza kupita upande ule. Kisha nikampigia fundi.

"Fundi, ile ovaroli ya jana usiikung'ute. Ilowanishe, uitie kwenye mfuko uufunge, na usimpe mtu aifue na nguo za nyumbani."

"Kwani kuna nini, bosi?"

Nilimweleza nilichokuwa nimesoma usiku kucha. Asbesto ni madini yenye umbo la nyuzinyuzi, nyembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Ukizivuta, nyingine hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesotelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu. Hii ya mwisho huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Na nilimwambia hili la ovaroli kwa sababu wapo wanawake walioumwa mesotelioma bila kukanyaga kiwandani kamwe. Walikuwa wakifua nguo za kazi za waume zao.

Nilimweleza pia upande wa pili, maana sikutaka alale na hofu. Hatari huongezeka kadiri unavyovuta nyingi na kwa muda mrefu, na walioumia zaidi ni waliofanya kazi nayo miaka na miaka. Asubuhi moja si hukumu. Ila yeye huvunja vitu vya zamani kila wiki, na anavuta sigara. Sigara na asbesto vikikutana, hatari ya saratani ya mapafu hupanda kuliko kila kimoja peke yake. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza anawezaje kuitambua. Nilimwambia kwa macho haitambuliki. Inapimwa.

Wiki ya 2

Mpimaji mwenye kibali amekuja. Nilimtazama kutoka nje, kupitia kioo cha dirisha, kwa sababu hakuniruhusu kuingia. Alikuwa amenyoa ndevu safi, nami nikaelewa sababu alipovaa barakoa yake ya mpira yenye vichujio viwili pembeni: ndevu zingeacha mwanya. Barakoa za kitambaa na zile za hospitali hazizuii kitu hapa.

Alipofika kwenye bomba alitandika nailoni chini, akanyunyizia maji yaliyotiwa sabuni kidogo ili yapenye badala ya kuteleza juu, akasubiri. Kisha akazamisha kibomba chembamba katika ule mfuniko mweupe uliolizunguka bomba, akakizungusha na kukitoa na kipande kisichozidi ukucha. Tundu akaliziba palepale kwa utepe, kipande akakitia kwenye mfuko, na mfuko ndani ya mfuko mwingine. Halafu akapangusa kwa kitambaa kibichi, nacho kikaingia kwenye takataka zilezile. Dakika kumi kwa kipande kidogo vile. Mimi nilikuwa nimefagia sakafu nzima kwa dakika mbili.

Dari ilitolewa vipande vitatu, sehemu tofauti.

Wiki ya 3

Majibu ya maabara, yaliyosomwa kwa hadubini:

Vigae na gundi: krisotili, yaani asbesto nyeupe. Bamba la paa: krisotili ndani ya saruji. Mfuniko wa bomba: amosaiti, asbesto ya kahawia. Dari: hakuna kitu.

Nilikuwa nimeiogopa dari kuliko vyote, kumbe mwenye hatari ni lile bomba nililolipita miaka yote bila kuligeukia. Hapa ndipo jambo hili lilinikaa sawasawa kichwani. Swali la kwanza ni kama asbesto imeshikiliwa au imelegea. Kwenye saruji na vigae nyuzinyuzi zimefungwa. Zikiachwa bila kukatwa, kusagwa wala kupigwa msasa, hazitoki kirahisi. Mfuniko wa bomba, ukiubonyeza kwa kidole unameguka unga. Huo si kazi ya mwenye nyumba, na si kazi ya fundi wa kawaida hata awe hodari namna gani.

Mwaka 1924 Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota asbesto huko Rochdale, Uingereza, alikufa akiwa na umri wa miaka 33, na daktari aliyechunguza mapafu yake aliandika wazi kilichomuua. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Miaka 75 tangu kifo cha yule mama. Nyumba yetu ilijengwa katikati ya miaka hiyo, na bado hilo linaniuma.

Wiki ya 6

Wataalamu wa kuondoa wamemaliza. Walijenga chumba cha nailoni kuzunguka bomba, wakaweka mashine inayovuta hewa ya ndani na kuitoa nje kupitia kichujio, ili hewa iingie tu na isivuje. Bomba lenyewe walilivisha mfuko wenye glavu zilizoungwa ndani yake, wakafanya kazi mikono ikiwa mfukoni. Lile bamba la paa walililowanisha, wakafungua skrubu moja moja na kulishusha zima, bila kulivunja. Mwishoni hewa ilipimwa kabla hatujaruhusiwa kuingia.

Mabamba mengine ya paa yamebaki. Yana kuvu na mama anataka yaoshwe kwa pampu ya maji ya kasi. Nimemwomba sana, "Mama, hapana," kwa kuwa maji ya kasi hukwangua saruji na kuachia nyuzinyuzi. Amekubali, ingawa hakupenda.

Wiki ya 8

Sakafu sikuibandua. Mashimo ya vile vigae viwili yamejazwa, na juu ya vyote nimetandaza mbao za kuunganishana zisizohitaji msumari wala kukwangua chini. Ndani ya mlango wa kabati nimebandika mchoro wa chumba: sakafu nimeipaka rangi nyekundu, paa nyekundu, dari kijani, pamoja na tarehe ya kipimo na nakala ya majibu. Nakala nyingine nimempa fundi, naye ameniambia sasa, kabla ya kushika tindo, huuliza nyumba ilijengwa lini.

Leo asubuhi ndipo drili ilipotoka sandukuni. Matundu manne kwenye dari, taa nne. Zinawaka zote.