Nilivyochavusha nyanya chotara kwa mkono: Cal J na Money Maker

Cal J niliifanya mama na Money Maker baba, na mpangilio huo una sababu. Cal J ni fupi, Money Maker ni ndefu, na urefu ndio unaotawala. Mche wa mbegu ya Cal J ukirefuka bila kukoma, huo ni chotara. Ukibaki kichaka, ua lilijichavusha. Ukigeuza, Money Maker ikawa mama, miche yote itarefuka na hutajua ipi ni ipi.

Aina zote mbili zikijichavusha, mbegu zake hurudia sura ya mama. Mzazi akiwa tayari ni F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, watoto watatoka mchanganyiko tangu mwanzo.

Baba nilimsia wiki mbili mapema ili chavua iwepo mama anapoanza kutoa maua.

Kazi ngumu iko kwenye ua la mama. Stameni za nyanya, yaani sehemu za kiume zenye chavua, zimeungana kama mrija wa njano uliofunika stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, na ua likifunguka chavua humwagika humo humo ndani. Kwa hiyo unalihasi, yaani unaondoa stameni zake, siku moja kabla halijafunguka: petali zimechomoza, zina njano ya kupauka, bado zimeshikana. Njano ikishakolea umechelewa, likate. Mwanzoni nililenga maua makubwa kwa kuwa ni rahisi kuyashika, na karibu yote yalikuwa yameshajichavusha.

Nilihasi jioni. Kibano chenye ncha nyembamba, kimefutwa kwa spiriti, unakiingiza kwenye shina la mrija, unaupasua ubavuni na kuuvuta pamoja na petali. Kinachobaki ni kijiti cha kijani chembamba kama sindano. Ukikikwaruza, ua litadondoka, usilihangaikie. Kila kishada nilikiachia maua mawili au matatu, mengine yote nikayakata, hata machanga, maana yatafunguka usipokuwepo. Kwa alama nilikata sepali mbili za kila ua, vile vijani vya kijani chini ya petali. Uzi hudondoka au kukaba kikonyo, lakini sepali iliyokatwa utaiona mpaka tunda linaiva.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechuma maua ya baba yaliyofunguka vizuri, nikatoa mirija yake na kuianika kivulini juu ya karatasi. Ikikauka, unaitikisa ndani ya kikombe kilichofunikwa kitambaa cha wavu, chavua inadondokea kwenye kisahani kama unga. Kesho yake kati ya saa mbili na saa nne asubuhi nilichovya stigma kwenye unga huo, nikarudia siku iliyofuata. Joto likipita nyuzi 32 chavua hudhoofika na maua hupukutika, kwa hiyo miezi ya joto kali usijisumbue.

Tunda halitabadilika: nyama na ganda ni vya mama, chotara yumo kwenye mbegu. Niliyaacha yaive kabisa mtini, nikakamua mbegu na ute wake, nikachachusha siku mbili bila kuongeza maji. Zikipitiliza, zinaanza kuota humo humo. Nikaziosha na kuzianika kivulini kwenye wavu; kwenye karatasi zinaganda.

Kitaluni huwezi kuwatofautisha. Subiri vishada vya maua: chotara huweka majani kama matatu kati ya kishada na kishada na kuendelea kupanda, mfupi huweka moja au mawili kisha ncha yake inaishia kwenye ua. Nilipanda karibu karibu, nikang'oa mifupi.

Mbegu za chotara huyo sikuzitunza. Kizazi kinachofuata, takriban mche mmoja kati ya minne hurudi kuwa mfupi, na matunda yanachanganyika umbo. Na kwenye shamba lenye mnyauko bakteria simpandi: wazazi wote wawili hawana kinga hiyo ya kumrithisha, hapo nanunua F1 iliyozalishwa kwa ajili ya ugonjwa huo.