Kugusisha au kuskani? Nilivyoamua kwa wageni wangu wa Tukuyu

Nyumba yangu ya wageni iko Tukuyu, barabara ya kwenda Kyela. Kwangu hulala dereva anayeelekea Kasumulu, mtumishi aliye safarini kikazi, na mara mojamoja watalii waliotoka Ziwa Ngosi. Wakiondoka wanashukuru sana, ila shukrani ya mdomoni haimfikii anayetafuta malazi kupitia Google Maps. Nikataka waandike maoni wakiwa bado mapokezi.

Nilivutiwa kwanza na stika ya NFC, teknolojia ya simu kusoma kitu kwa kukigusa: mgeni anaigusisha simu, linki ya kuandika maoni inafunguka. Stika haina betri, inapata nguvu kutoka kwenye simu yenyewe. Basi nikamwomba dada wa mapokezi aangalie simu wanazoshika wageni. Nyingi ni za bei nafuu, hazina NFC kabisa, na zilizo nayo mara nyingi imezimwa. Simu za iPhone zinasoma stika bila programu kuanzia XS na XR za mwaka 2018. Kamera, kila mmoja anayo. Kwa wageni wa huku, QR, ile alama ya vimraba inayoskaniwa kwa kamera, ndiyo ya kutangulia, sina shaka.

Nilitengeneza QR yenye linki yenyewe ndani yake, kwa sababu zile zinazopitia kwenye tovuti ya mtu mwingine zinaweza kufa ukiacha kulipia. Nikachagua kiwango cha juu cha kurekebisha makosa, kinachovumilia hadi asilimia 30 ya alama kuharibika. Kaunta yetu haikosi chai iliyomwagika. Ukingo mweupe kuizunguka usikatwe. Karatasi nayo isiwe ya kung'aa, taa inaiakisi na kamera inahangaika.

Kilichonigusa zaidi ni swali la mzee mmoja: “Mwanangu, nikiskani hii haitanikata hela?” Kadi yenye QR ilikuwa jirani na ile ya kulipia kwa simu, ya Lipa Namba. Niliihamishia upande wa pili, nikaandika kwa herufi kubwa: MAONI TU, HAKUNA MALIPO.

NFC sikuiacha. Umeme ukikatika usiku kamera inapata shida, kugusisha hakuhitaji mwanga. Ila kaunta yangu ina bati juu, na chuma huizuia stika ya kawaida. Ukinunua, ulizia ile ya kubandika juu ya chuma, kisha ifunge ili asiwepo wa kubadilisha linki.

Punguzo la bei kwa anayeandika sitoi, Google wanakataza. Dada anasema tu “ndaga fijo”, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kuonyesha kadi. Aliyelalamikia maji ya moto nilimjibu palepale, na fundi nikamwita.