Kizingo, kabla ya jua

Mjomba alinigongea mlango kabla ya adhana. Ilikuwa Januari 1994, upepo wa kaskazi umeshika, nami nilikuwa na miaka 14. Tulisali alfajiri, kisha tukatoka Mji wa Kale, Mombasa, kwa miguu, yeye kabeba chupa ya chai na mahamri yaliyofungwa kwa gazeti, mimi kamera yake shingoni. Mkanda ulikuwa wa picha 36. Thelathini na mbili zilikuwa zimekwenda kwenye harusi ya dada yangu. Zilibaki nne.

Ngomeni, kwenye Fort Jesus, tulipita giza halijaondoka. Mjomba alisimama, akaupapasa ukuta ule ambao Wareno walianza kuujenga 1593. "Jiwe la matumbawe usilipige picha mchana," akaniambia. "Adhuhuri hung'aa likakosa uso. Lipige jua likiwa chini, uone kila tundu lake." Niliitikia tu. Akili yangu ilikuwa imetangulia Kizingo.

Tulipofika Kizingo, kwenye mibuyu ya barabara ya Mama Ngina, mwezi mpevu ulikuwa ungali juu ya mji, nyuma yetu. Bamvua hiyo, bahari inapojaa na kutoka sana. Maji yalikuwa yamejaa usiku na sasa yalianza kutoka, yakinguruma chini ya jabali hata nikahisi mtetemo kwenye nyayo. Mbele, juu ya bahari, kulianza mstari wa kijivu, ukawa zambarau, ukawa rangi ya embe dodo lililoiva. Sijawahi kuona mbingu ikibadilika vile, na mikono ilinitetemeka. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.

"Wapiga nini?"

"Jua, Mjomba."

"Jua li wapi?"

Nikanyamaza. Alinimiminia chai, akaniambia niegemee mbuyu na nishike pumzi kila nitakapobonyeza. Nilingoja, lakini kungoja kwenyewe kulikuwa kwa mtoto: jicho kwenye kioo, kidole kwenye kitufe.

Huku kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda karibu wima. Tangu ukingo wake uchomoze hadi duara zima litoke majini, ni dakika mbili na kitu. Lilipochomoza nilizimaliza picha zote mbili kabla halijafika nusu. Nusu iliyobaki nikaitazama kwa macho tu, na machozi yananilengalenga, Mjomba kaniwekea mkono begani.

Picha ziliposafishwa, zile mbili za jua zilitoka tundu jeupe kwenye weusi mtupu. Kamera ilikuwa imepima ule mwanga mkali, vingine vyote ikaviacha gizani. Kati ya zile mbili za kabla ya jua, ya pili ilitikisika. Ya kwanza ndiyo ninayo hadi leo: anga ya embe, matawi ya mbuyu, na Mjomba pembeni, kivuli cheusi chenye kofia na kanzu, kainama anafungua chupa ya chai. Sikujua hata kwamba alikuwa ameingia kwenye picha.

Nyuma ya picha hiyo Mjomba aliandika kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu kama alivyozoea kuandika Kiswahili chake chote: Kizingo, kabla ya jua.