Ndoo Kwanza, Jagi Baadaye

Maua mengi ya bustani hunyauka siku ya pili kwa sababu ya kosa lililofanyika kabla hayajafika mezani. Yamekatwa saa saba mchana jua likiwaka, kwa kisu butu cha jikoni, yakashikwa mkononi robo saa nzima, kisha yakasokomezwa kwenye jagi ambalo halikuoshwa tangu maua ya wiki iliyopita. Kesho yake shingo zimeinama, na lawama inaangukia udongo au joto. Udongo umeshafanya kazi yake. Tatizo liko kwenye kikonyo.

Ndani ya kikonyo kuna mirija myembamba sana inayovuta maji kwenda juu. Ukikata, mirija ile hufyonza hewa mara moja, na kipovu kimoja cha hewa kinatosha kuziba njia. Baada ya hapo huja bakteria. Wanazaliana kwenye majani yaliyozama na kwenye utomvu unaotoka pale ulipokata, wanatengeneza utelezi, na utelezi huo unaziba mirija iliyokuwa imesalimika. Hewa na uchafu ndivyo vinavyoua maua mengi ya nyumbani, na karibu kila ushauri utakaosoma hapa chini unapigana na kimojawapo.

Kata alfajiri, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, wakati mmea umekunywa usiku kucha na kikonyo kimejaa maji. Ukishindwa asubuhi, subiri jioni jua likishapoa. Mchana usikate kabisa. Tumia mkasi wa kupogolea wenye makali, kwa sababu mkasi butu hubana kikonyo na kuminya mirija. Ndoo iende nawe bustanini, isikusubiri jikoni. Ioshe kwa sabuni, isuuze kwa maji yenye jiki kidogo, ijaze maji hadi theluthi moja. Kila kikonyo kikatwe kwa mshazari, majani ya chini yapukutishwe pale pale, kisha kitumbukizwe ndani ya sekunde chache. Mshazari una faida moja kubwa: kikonyo hakikai bapa kwenye sakafu ya chombo na kujiziba chenyewe.

Halafu yaache maua yapumzike. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ndoo ikae mahali penye giza na ubaridi, kwenye sakafu ya saruji ya stoo kwa mfano, kwa saa nne kwa uchache, na usiku mzima kama nafasi ipo. Mashamba ya maua ya Naivasha hukimbiza waridi kwenye maji na vyumba vya baridi muda mfupi baada ya kukatwa, ndiyo maana linasafiri hadi Ulaya likiwa bado zima. Nyumbani hatuna chumba cha baridi, lakini saruji yenye kivuli na ndoo yenye maji ya kutosha hufanya sehemu nzuri ya kazi hiyo.

Chakula cha maua kinachouzwa kwenye pakiti ndogo unaweza kukitengeneza mwenyewe. Kwa lita moja ya maji, weka kijiko kimoja cha chai cha sukari, vijiko viwili vya chai vya maji ya limao, na kijiko kimoja cha chai cha jiki. Sukari ni nishati ya kufungulia matumba, limao huongeza uchachu ili maji yapande kwa urahisi, jiki huzuia bakteria. Usiweke sukari bila jiki, maana utakuwa unawalisha bakteria. Na usichanganye limao na jiki vikiwa vitupu kwenye kikombe kimoja: hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kila kimoja kiingie kwenye lita ya maji kivyake.

Sasa tuje kwenye maua yenyewe, kwa kufuata majira ya bustani za nyanda za juu: miteremko ya Meru na Kilimanjaro, Lushoto, Limuru na kwingineko penye masika na vuli.

Kiangazi cha Desemba hadi Februari ni cha zinia, kosmosi, alizeti, na agapanthasi za buluu zinazojipanga kandoni mwa njia. Zinia ndiyo ua la kumfundishia mtu kazi hii, kwa sababu mbegu ni rahisi na maua hutoka kwa wingi siku sitini hadi sabini baada ya kupanda. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu ili yasije yote mara moja. Zinia ikikatwa mapema haifunguki tena, hunyong'onyea tu. Kuna kipimo kisichodanganya: shika kikonyo sentimita ishirini hivi chini ya ua, kitikise taratibu. Kikilegea na ua likayumba, liache siku mbili tatu. Kikisimama kama kijiti, kata. Usiiweke kwenye friji. Baridi kali huigeuza petali zake kuwa za kahawia.

Alizeti hukatwa petali zikianza kuinuka kutoka kwenye uso wa ua, kabla hazijatandazika. Toa majani karibu yote, bakiza mawili matatu ya juu. Inakunywa kupita kiasi na inachafua maji haraka, kwa hiyo ikichanganywa na maua mengine, maji yabadilishwe kila siku. Agapanthasi yenyewe subiri hadi robo ya vitumba vyake vifunguke. Vilivyobaki vitafuata vikiwa kwenye chombo.

Masika huleta shida yake. Kati ya Machi na Mei maji hukaa ndani ya matumba ya waridi, na ukungu wa kijivu huanza kama vidoadoa vidogo kwenye petali, kisha tumba zima linaoza likiwa limefumba. Majira haya kata waridi mapema kidogo kuliko kawaida, likung'ute maji kichwa kikiwa chini, na usiyabane mengi kwenye ndoo moja. Lakini mapema kuna mpaka wake. Tumba likiwa bado gumu, na vile vijani vitano vinavyolifunika bado vimelikumbatia, halitafunguka kamwe. Subiri vijani hivyo vishuke chini na petali za nje zianze kuachia. Ukikata, kata juu kidogo ya jani la tawini lililogawanyika vipande vitano, linalotazama nje ya kichaka. Hapo ndipo tawi jipya litakapochipukia, kwa hiyo unavuna na kupogoa kwa mkasi mmoja.

Waridi likiinamisha shingo likiwa bado changa, usilitupe. Ni hewa iliyonasa ndani ya kikonyo. Kata sentimita tatu tena, safari hii kikonyo kikiwa ndani ya maji, kisha lilaze waridi zima, ua na majani, kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika thelathini hadi saa nzima. Lizungushie gazeti ili shingo inyooke, lirudishe kwenye ndoo. Mara nyingi husimama tena. Lisiposimama, bakteria wameshaingia ndani sana.

Masika hayo hayo hunenepesha kala nyeupe, zile zinazopenda kingo za mifereji. Kala haifai kukatwa: shika kikonyo chini kabisa, kivute kwa mzunguko mdogo hadi kichomoke. Utomvu wake huwasha ngozi, na mmea mzima ni hatari ukitafunwa, kwa hiyo osha mikono na uweke mbali na watoto. Mguu wake hupasuka na kujikunja majini kama maganda ya ndizi. Uzungushie selotepu chini, na uupe maji ya sentimita tano hadi nane tu. Maji mengi yanauozesha.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni majira ya subira. Mimea hukua polepole na maua ni machache, lakini vikonyo huimarika na kila ua hudumu. Haidrenjia ikatwe petali zikiwa zimekomaa na kuwa ngumu kidogo kama karatasi. Changa zake hulegea ndani ya saa chache. Ikilegea, zamisha kichwa chote majini nusu saa, kwa sababu hunywa hata kwa petali zake.

Vuli ni gladiola na dalia. Gladiola iliyofukiwa Septemba huchanua baada ya siku sabini hadi tisini. Ikate vitumba viwili vya chini vikionyesha rangi, na uache majani manne au zaidi yakiwa yamesimama ardhini, la sivyo kitunguu chake hakitapata nguvu ya mwaka ujao. Isafirishwe na kuhifadhiwa ikiwa wima. Ukiilaza, ncha hujipinda kutafuta juu, na haitanyooka tena. Dalia haina maisha marefu majini, siku nne hadi sita, na haifunguki sana baada ya kukatwa. Ikate ikiwa imefunguka robo tatu. Ukigeuza ua na kukuta petali za mgongoni zimeanza kulainika, limepita wakati. Inasaidiwa na maji ya moto yasiyochemka, ya joto la nyuzi 70 hivi: simamisha vikonyo kwenye sentimita tano hadi nane za maji hayo, yaache yapoe yenyewe kwa saa moja.

Ndipo tunafika kwenye jagi. Sponji ya kijani ya kuchomekea maua ni plastiki inayosagika na kuingia kwenye udongo na mifereji, na vikonyo laini kama vya kala huvunjika vikichomekwa humo. Wavu wa banda la kuku ni bora, na hutumika miaka. Kata kipande cha sentimita thelathini kwa arobaini, kikunje kama mpira uliolegea, kisukume ndani ya chombo hadi kikae chenyewe bila kucheza. Kila kikonyo kipite kwenye matundu mawili, la juu na la chini, ndipo kisimame pale ulipokiweka.

Majani yaingie kwanza. Hayo ndiyo yanayochora umbo na kuficha wavu. Mkaratusi mchanga hulegea, chukua uliokomaa. Mrehani huongeza harufu, hasa ukiwa na vishada vya maua yake. Masale, ambayo Wachaga huyatumia kuombea msamaha na kupandia mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, yanadumu majini kwa wiki kadhaa na hata kuota mizizi; majani yake mapana yenye mng'ao hubeba kala nyeupe kuliko jani lolote la dukani.

Kikonyo kirefu zaidi kiwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya kimo cha chombo. Kirefu kuliko hapo, chombo kitaonekana kinaelemewa na huenda kikaanguka kweli. Baada ya majani weka maua makubwa, matatu au matano, kwa vimo tofauti, moja likiwa chini karibu na mdomo wa chombo ili jicho lipate pa kutulia. Halafu maua ya wastani, na mwisho kabisa yale mepesi kama kosmosi, yatokeze juu ya mengine na kucheza upepo. Geuza chombo kila baada ya maua mawili matatu. Kosa la kawaida hapa ni kujaza. Ua linahitaji nafasi pembeni yake ili umbo lake lionekane, na petali zinazosuguana huoza mapema pale zinapogusana.

Bogenvilia inavutia mkono kila ukipita, lakini ile rangi si petali. Ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati. Ukiyaacha majani yake ya kijani yatainyonya maji yote. Yatoe yote, izamishe nzima kwa saa moja, na hata hivyo uitumie kwa shughuli ya siku moja tu.

Chombo kikishapangwa, kiweke mbali na dirisha la jua na mbali na sahani ya matunda. Ndizi mbivu na maembe hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha, nayo huizeesha petali. Maji yabadilishwe kila siku ya pili, na vikonyo vikatwe sentimita moja kila unapobadilisha. Maji yakianza kuwa na ukungu au harufu, chombo kioshwe upya. Kuongeza maji safi juu ya machafu hakusaidii.

Pwani mambo ni mengine. Joto na unyevu wa Mombasa, Lamu au Unguja hauwaonei huruma waridi na dalia, lakini bustani za huko zina asumini, mlangilangi, mkadi na mrehani, na ufundi wa kuzipanga ni wa tangu zamani: kikuba, maua yaliyofungwa pamoja na kuvaliwa, wala hayawekwi majini. Kanuni ya wakati ni ile ile. Asumini huchumwa jioni ikiwa tumba jeupe lililovimba, kabla halijafunguka, kwa ncha za vidole na bila kulifinya, maana kila alama ya kucha hugeuka kahawia. Likifunguka mtini usiku, limeshatumia harufu yake nje. Likitungwa likiwa tumba, na kufunikwa kitambaa kibichi hadi wakati wa kuvaliwa, hufunguka likiwa kwenye nywele.