Simu nimempa, kusoma je?

Juzi binti yangu kaja na homuweki ya sayansi, aeleze kwa nini mwezi unabadilika umbo. Nikamtolea loki ya simu nikarudi kwenye shughuli zangu, dakika kumi nyingi kashamaliza, nusu ukurasa mwandiko umetulia kabisa, "mwezi huakisi mwanga wa jua na sehemu inayoonekana hutegemea nafasi yake kwa dunia". Nikafurahi weee. Nikamuuliza, sasa mbona leo tunaona nusu? Akaniangalia utadhani mimi ndo niliyeandika. Mwisho akasema ni kivuli cha dunia, ambacho sio kweli na wala hakipo kwenye alichoandika, na nikiri tu hata mimi nimeamini hivyo miaka mingi.

Yaani mtoto kahamisha maneno kutoka kwenye skrini kwenda kwenye daftari basi. Na simlaumu sana, swali lenyewe ukigugo jibu lipo juu kabisa.

Tukazima taa, simu nikaiweka juu ya kabati tochi ikiwaka, hiyo ndo jua. Nikampa mpira wa tenisi, huo ndo mwezi na kichwa chake ndo dunia, aushike mkono umenyooka, juu kidogo ya kichwa, azunguke taratibu pale pale aliposimama. Akitazama tochi mpira mweusi wote, akigeuka kidogo ukatokea ukingo mwembamba, hilali hiyo, akaendelea ikawa nusu, tochi ikiwa mgongoni mpira ukang'aa wote. Akarudia kama mara sita. Halafu akashusha mkono, kichwa chake kikaziba mwanga, akauliza "sasa mbona mwezi haupatwi kila mwezi?"

Hapo sasa ndo nikamrudishia simu. Akatafuta mwenyewe akakuta njia ya mwezi imeinama kama digrii 5 kwa hiyo mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli cha dunia, na hakukopi chochote maana alikuwa anajua anatafuta nini. Baadaye tukaweka Stellarium kwenye laptopu, ni programu ya bure inayoonyesha anga la tarehe yoyote unayotaka, akawa anasogeza siku mbele anahesabu, mwezi mpevu mmoja hadi mwingine siku 29 na nusu hivi.

Shuleni wana chumba cha kompyuta ila watoto watatu mashine moja, aliyewahi mausi ndo huyo huyo mpaka kengele, wengine watazamaji. Nikamwambia ticha wake wabadilishane kila baada ya dakika chache, na anayetazama ndo atoe maelekezo, aliyeshika mausi afuate tu bila ubishi. Kasema atajaribu. Nikamuomba pia homuweki za mtandaoni ziwe na kitu cha kufanya kwa mikono, hata mchoro, au mtoto ajirekodi sauti akieleza bila kusoma popote. Hiyo ya sauti kaipenda, ila kalalamika nani atasikiliza sauti za darasa zima, na ana haki jamani, nikamwambia achague tano tu kwa bahati nasibu.

Jana jioni binti kaniita nje. Mwezi nusu, kanyoosha kidole upande jua lilikozama, "baba, tochi iko kule". Simu alikuwa kaiacha ndani inachaji.