Kibao cha 30 kwenye mtaa wetu

Barabara yetu ilipokuwa ya vumbi hapakuwa na wa kukimbia, mashimo yalimkomesha kila mtu. Lami ilipokuja tukapiga vigelegele. Haikupita muda, madereva waliokuwa wakisota kwenye foleni ya barabara kuu wakaigundua, ikawa mchepuko wao. Asubuhi moja bodaboda ikampitia mama anayetuuzia vitumbua. Alinusurika na michubuko, lakini ndoo ya uji ilimwagika yote barabarani.

Usiku huohuo vijana wakamwaga zege, wakatengeneza tuta lao. Lilikuwa jembamba na refu kwenda juu, bajaji zikawa zinakwaruza tumbo. Mwenyekiti wa mtaa akatuita: tuta halijengwi bila kibali cha wasimamizi wa barabara, livunjwe. Tukalivunja kwa nyundo zetu wenyewe, huku tukinung'unika.

Hapo ndipo nilipoona kelele peke yake haitatufikisha popote, zinatakiwa namba. Nikaazima futi ya fundi, nikapima mita 50 na kuchora mistari miwili ya chokaa. Mimi na kijana wangu tukakaa chini ya mwarobaini na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Hesabu yake ni rahisi: 180 gawanya kwa sekunde, unapata kilomita kwa saa. Gari likitumia sekunde 6, linakwenda 30. Likitumia 3.6, ni 50, ambayo ndiyo kikomo cha maeneo ya makazi kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973.

Tulipima magari 120, tukayapanga kuanzia la polepole. La 102 lilikuwa na 61. Kwa nini la 102? Kwa sababu wahandisi wengi huangalia kasi ambayo magari 85 katika kila 100 hayaizidi, kisha huweka kikomo karibu na hapo. Kwa kanuni hiyo, mtaa wetu ungestahili kibao cha 60! Huko kwenye barabara za mikoani sina ugomvi nayo, ila hapa ni sawa na kuwauliza madereva wanaokimbia wanataka kukimbia kiasi gani. Azimio la Stockholm la 2020, la kimataifa kuhusu usalama barabarani, linataka kasi isizidi 30 pale magari na waenda kwa miguu wanapochanganyika, na hilo ndilo nililolibeba mkutanoni.

Mkutano wa mtaa ulikuwa moto. Baba mmoja akasema 30 ni mwendo wa mkokoteni. Nikamwomba atoke nje nimwonyeshe. Dereva anayekwenda 50 akichelewa sekunde moja tu kushtuka, gari limeshakula mita 14 kabla hajagusa breki. Kwa 30 ni mita 8. Nikasimama mlangoni kwa muuza vitumbua, nikahesabu hatua 8, kisha 14. Hatua ya 14 ilinifikisha ng'ambo ya meza yake. Yule baba hakusema neno, ila aliporudi ndani alinyoosha mkono wa kukubali.

Kijana wangu naye akaniumbua mbele za watu: karatasi yake ilionyesha gari langu lilitumia sekunde 3.1. Yaani 58. Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka kwa aibu.

Muhtasari ukapigwa muhuri na mtendaji, diwani akausukuma kwa wasimamizi wa barabara. Mhandisi aliyekuja kukagua alisema barabara iliyonyooka na pana inamwambia dereva akimbie hata kibao kikisema vingine, kwa hiyo vibao viende pamoja na matuta mapana, yenye mgongo wa taratibu, yaliyopakwa rangi. Yakawekwa matatu.

Nimepima tena mwezi uliopita, mistari ileile: la 102 safari hii lina 37. Bodaboda bado wanajipenyeza pembeni ya tuta la pili, kati ya lami na mtaro. Tumeshaweka jiwe hapo mara mbili, na mara mbili limeondolewa.