Nilivyojua dafnia wangu wamebanwa wakati idadi bado inaonekana sawa

Nilikua nafuga dafnia, vile viroboto vya maji, kwenye matanki kumi, matano nawapa mwani kama kawaida na matano nawapunguzia kidogo kidogo, nataka nione kama hesabu inaweza kuniambia wana hali mbaya kabla hawajaanza kuisha. Miezi mitatu nikawa naangalia wastani tu na wastani haupishani kabisa, nikakaribia kuacha.

Afu nikasoma jaribio la Drake na Griffen la 2010, wao pia walitumia dafnia wa kupunguziwa chakula na dalili zilionekana mapema mpaka siku 110 kabla ya idadi kufika pale pa kuporomoka, yaani kama vizazi 8. Hapo ndo nikaelewa. Idadi ikiyumba kidogo huwa inarudi haraka kwenye kiwango chake, ila mazingira yakibana inarudi kwa kujikokota, kwahiyo hesabu ya leo inazidi kufanana na iliyopita na mtawanyiko unaongezeka, wakati wastani umetulia tu.

Modeli yenyewe ni nyepesi, unachukua umbali wa hesabu iliyopita kutoka kwenye kiwango, unauzidisha na namba fulani, unaongeza na mambo ya bahati, unapata umbali wa hesabu ya leo. Hiyo namba ndo otokorilesheni, yaani hesabu ya leo inavyofanana na iliyopita, ikisogelea 1 ujue nguvu ya kurudi inaisha. Nikawa naipiga kwa hesabu 20 za mwisho, nasogea mbele moja moja.

Mara ya kwanza ikapanda matanki yote, hata walioshiba! Iliniuma sana maana nilishafurahi. Kumbe idadi ilikua inapanda polepole tangu mwanzo na mimi sijauondoa huo mwelekeo, na mwelekeo peke yake unatosha kuipandisha. Nikachora mstari laini katikati ya data, nikatoa, nikapima mabaki. Pia nikaanza kuhesabu kila tanki mara mbili, maana makosa ya kuhesabu yanaongeza kelele, yaani kuyumba kwa bahati tu kwenye data, na kelele inaishusha ile namba, unaweza ukakosa dalili ipo mbele yako.

Baada ya hapo walioshiba wakabaki tambarare, na wale wa njaa manne kati ya matano yakapanda wazi, wastani bado haujashuka. Mawili nikayarudishia chakula na namba ikashuka taratibu. Lile la tano halikuonyesha chochote mpaka lilipoisha, kwahiyo sahivi sipimi tanki moja pekee, lazima niwe na mengi na yale ya kawaida pembeni ya kulinganishia.